Ndani ya Seli Hakuna Kengele

Mume wangu alianza kusema "sisi" wakati wa mvua za vuli, mezani, akila makande.

"Kituo cha tatu kipo," alisema. "Jana tumekipata tena, na safari hii ni kikubwa zaidi."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikamwuliza, "Mmekipata wewe na nani?"

"Na yule mama wa kompyuta. Wa Sakina."

Akaendelea kula. Kwake ilikuwa habari njema, na alikuwa na njaa. Mimi nilibaki nimesimama na neno lile moja, kwanza kwa sababu kazi yangu ilikuwa kusikiliza watu wanavyosema, na pili kwa sababu kituo hicho cha tatu nilikuwa nimekipata mimi, zamani, nikiwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya sebule yetu pale Engutoto na kalamu nyekundu mkononi.

Afadhali nieleze kwa utaratibu.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa, na kila mwenye mtaji mdogo na la kusema akaanzisha gazeti. Mimi nilikuwa mwandishi wa mojawapo, gazeti la kila wiki lililokuwa na ofisi ya vyumba viwili mjini Arusha. Mume wangu alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya bweni kwenye miteremko ya Meru. Huko ndiye aliyepanga ratiba, na kengele ya shule, kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti wa mgrevilea, ilikuwa chini ya amri yake. Ikigongwa, shule nzima hubadilika kwa pamoja: hesabu inatoka, jiografia inaingia, mpishi anafunua sufuria. Jambo hilo lilimpa raha ambayo sikuwahi kuielewa. Nilipokwenda kumtembelea alinisimamisha uwanjani, akatazama saa, akainua kidole, na kengele ikalia. "Umeona?" alisema. "Wote. Kwa mpigo mmoja."

Pembeni alikuwa akisomea shahada ya pili chini ya msimamizi aliyekuwa Dar es Salaam, na kazi yake ilihusu kirusi. Si kirusi cha binadamu. Ni kile kinachoishi kwa kuingia ndani ya bakteria. Kikishaingia kina njia mbili. Kinaweza kulala humo kimya, kikarithishwa kwa vizazi vya bakteria huyo bila kumdhuru, au kinaweza kuzaana hadi bakteria apasuke. Kinachoamua ni jeni chache zinazowashana na kuzimana. Mbili kati yake ni mahasimu: hii ikiwaka inaizima ile, na ile ikiwaka inaizima hii. Mume wangu hakuwa na maabara. Alikuwa na kanuni tu, za nani anamwasha nani na nani anamzima nani, na swali moja: ukianza popote, mtandao huu utatulia wapi? Mahali pa kutulia tukapaita kituo. Neno hilo tulilichagua sote wawili, tukiwa kitandani, baada ya kulikataa neno "mwisho" kwa kuwa lilisikika kama msiba.

Njia yetu ya kwanza ilikuwa karatasi ya manila. Tulianza na jeni nne. Kila moja iwe imewaka au imezimika, basi hali zote zinazowezekana ni kumi na sita, na kila hali niliichorea duara. Yeye akisoma kanuni, mimi nikichora mshale: kutoka duara hili tunakwenda lile. Kila duara lilitoa mshale mmoja. Tulipomaliza tukawa tunaanza duara lolote na kufuata mishale kwa kidole. Tuligundua duara moja ambalo mshale wake ulirudi ndani yake lenyewe: hapo kirusi kimelala. Tukagundua jingine la namna hiyo: hapo kirusi kinapasua. Na mimi, kwa kidole changu, nikagundua kitu cha tatu. Maduara mawili yalikuwa yanaelekezana. Katika moja mahasimu wote wawili wamezimika, katika la pili wote wawili wamewaka. Ukiingia hapo unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, hutoki.

"Hebu tazama," nilimwambia. "Hiki hakijui kinataka nini."

Alitazama kwa muda mrefu. Akasema huenda ni kwa sababu jeni zetu ni chache mno. Akiongeza, tutaona kama kitabaki. Lakini alifurahi. Aliniita profesa hadi Jumapili.

Kisha akaongeza jeni. Kila jeni moja ukiiongeza, maduara yanakuwa maradufu. Manila moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, zikapanda ukutani zikafunika kalenda ya kanisa, na mwishowe sebule ikatushinda. Ndipo aliposikia kwamba Sakina, kwenye barabara ya Nairobi, kati ya gereji na duka la vipuri, kuna duka jipya la kompyuta. Akawa anakwenda kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Manila nikazikunja nikaziweka nyuma ya kabati.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ule upawa niliosimama nao.

Siku chache baadaye jirani yangu, mwanamke aliyekuwa na ndugu kila mtaa na habari kutoka kila ndugu, alinikuta naanika nguo.

"Jirani, mwalimu wako amehamia Sakina?"

"Anatumia kompyuta ya watu. Kwa masomo yake."

"Haya. Na mwenye kompyuta umemwona?"

"Ni mama mmoja tu."

Aliweka ndoo chini ili acheke vizuri. "Mama! Yule binti wa Kichaga? Jirani, ukimwita mama mbele yake atakufukuza dukani. Nywele zake tu, mimi na wewe tukichanga hatuzifikii."

Nilicheka naye, kwa kuwa ukikataa kucheka umekiri. Lakini kwenye kamba nilimaliza kuanika shati la mume wangu nikiwa nimelikamua upya, wakati lilikuwa limeshakamuliwa.

Mhariri wetu alikuwa ananidai makala kuhusu biashara mpya zinazofunguliwa barabara ya Nairobi. Hilo ni kweli, sikulitunga. Basi Jumamosi moja, bila kumwambia mume wangu, nikaenda Sakina kama mwandishi.

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu. Mbele kulikuwa na mashine ya fotokopi na watu waliosubiri kuchapiwa barua za maombi ya kazi. Ukutani kumebandikwa sampuli za kadi za harusi. Nyuma kulikuwa na kompyuta tatu zilizofunikwa vitambaa vya kufuma kama makochi ya watu, na ya nne haikufunikwa. Mbele ya hiyo walikaa mume wangu na yule binti. Walikuwa wamenipa mgongo. Nikasimama kati ya wateja nikatazama, kama ninavyotazama kikao kabla hakijajua kuna mwandishi.

Hawakugusana. Hata viti vyao vilikuwa mbalimbali kiasi cha adabu. Nilichokiona ni hiki. Mume wangu alisema, "Sasa, ikiwa hii tumeshaipitia..." na kabla hajafika mwisho, yule binti alikuwa ameshabonyeza. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akaanza sentensi nyingine, nayo ikabonyezwa katikati. Angemshika mkono ningejua la kufanya. Kwa hilo kuna wazazi, kuna mchungaji, kuna maneno yaliyokwisha kuandaliwa. Lakini kumalizia mtu sentensi kwa kidole, hakuna mchungaji wa kumpelekea.

Wa kwanza kuniona alikuwa yeye. Aligeuka, akanitazama, akanitambua, sijui kwa picha ipi.

"Karibu, wifi!"

Nikajibu, "Wifi?"

"Huyu namwita kaka. Sasa wewe utakuwa nani wangu?"

Mume wangu alisimama akiwa na furaha ya mtoto ambaye mama yake amekuja shuleni siku aliyofaulu. Hakuwa na dalili yoyote ya kufumaniwa, na hilo nalo liliniudhi. Chai ikaletwa, na maandazi. Nikatoa kalamu nikamwuliza yule binti maswali ya gazeti. Alikuwa amesomea kompyuta India, baba yake ni mfanyabiashara wa Moshi, mashine zimetoka Dubai, umeme ukikatika betri inatosha kuhifadhi kazi tu. Alijibu kwa mpangilio, kwa sentensi zinazoweza kunukuliwa bila kurekebishwa. Ningempenda sana kama angekuwa mtu mwingine.

"Na Mwalimu analipa kwa saa kama wateja wengine?" niliuliza, nikiandika bila kuinua macho.

"Halipi."

"Kwa nini?"

Alionyesha ukuta wa kadi. "Wifi, nimekwenda hadi ng'ambo ya bahari nikasoma miaka, nikarudi kuchapa 'Familia ya Bwana na Bibi Fulani inayo furaha kukualika.' Halafu siku moja anaingia mtu na mtandao wa jeni anataka kujua unatulia wapi. Mimi nilitaka kumlipa yeye."

Akanionyesha walichokuwa wanafanya. Mwanzoni programu ya mume wangu ilikuwa inafanya kama tulivyofanya sakafuni: inachukua hali moja, inafuata njia yake hadi itulie, halafu inachukua nyingine na kuanza upya kabisa. Zikiwa nyingi, mashine inatembea njia zilezile siku nzima. Yeye akaweka alama. Kila hali ikipitiwa inapakwa rangi ya kituo ilikoishia, na safari nyingine ikifika kwenye hali yenye rangi inasimama hapohapo, maana kuanzia hapo njia inajulikana. Kazi ya Jumamosi nzima ikawa ya muda wa kunywa chai.

Lilikuwa jambo rahisi na zuri. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu za rangi. Kule sakafuni kalamu nyekundu, ya bluu na ya kijani zilikuwa mkononi mwangu, na halikunijia kichwani.

Kwenye skrini kituo cha tatu kilionekana kama duara la namba zinazofuatana, refu sasa, si la kwenda na kurudi tu. "Kirusi kinasitasita," alisema mume wangu, akimwangalia yeye. "Watu wote wanasema kinalala au kinapasua. Sisi tunasema kuna cha tatu."

"Hicho nilikiona mimi kwenye manila," nilisema.

"Ndiyo, ndiyo," alisema kwa upole. "Kile kidogo."

Nilipanda gari la kurudi nikiwa nimekaa na hicho kidogo changu mapajani.

Mwaka mpya ukaingia. Mume wangu akaandika tasnifu yake yote juu ya kusitasita huko. Sura ya kwanza iliandaa njia, sura ya pili ilieleza njia ya kutafuta vituo, na sura ya tatu, ambayo ndiyo aliyoisoma kwa sauti akitembea sebuleni, ilikuwa ya duara. Kabla ya masika angeipeleka Dar es Salaam, kisha asimame mbele ya watahini. Alikuwa na umri ambao nafasi kama hiyo hairudi. Mwenyewe alisema ikimponyoka atazeeka akigonga kipande cha reli. Nilimpikia, nikamwitikia, na kila alipotaja "programu yetu" nikahesabu kimoyomoyo kwamba mimi simo ndani ya hiyo "yetu". Makala yangu kuhusu biashara za Sakina ilitoka. Nilimpa yule binti aya moja, na mhariri akaniuliza kwa nini ni kavu kama taarifa ya kifo.

Jumanne moja yule binti akaja ofisini kwetu. Aliwaamkia wazee wa chumba cha mbele shikamoo kwa heshima zote, akanijia, akaniuliza kama tunaweza kutoka. Tukaenda kwenye mgahawa wa jirani. Aliagiza chai, hakuinywa.

"Wifi, kile kituo cha tatu hakipo."

Nilimwangalia. "Kipo. Nimekichora kwa mkono wangu."

"Umekichora, na mimi nimekikuta kwenye mashine. Lakini tumekitengeneza sisi. Kwenye programu ya kaka kuna mstari ambao ameupa jina la kengele. Kila hatua, kengele inalia, jeni zote zinasoma kanuni zake na kubadilika kwa mpigo mmoja. Wiki iliyopita nilikuwa nachezacheza tu. Nikatoa kengele. Nikaruhusu jeni moja tu ibadilike kila hatua, yoyote iliyo tayari. Vituo viwili vimebaki palepale. Cha tatu kimefutika. Nimerudia mpaka nimechoka."

"Kwa nini nikuamini?"

"Usiniamini. Wewe ni mwandishi, kahakikishe."

"Na kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

Aligeuza kikombe kwenye kisahani. "Nilianza. Nikasema, kaka, hivi ndani ya seli kuna kengele? Akacheka, akasema lazima iwepo ya aina fulani, dunia bila ratiba haiendi. Nikaona macho yake nikanyamaza. Wifi, watu wanasema maneno Sakina, nadhani na Engutoto wanasema. Nikiivunja mimi kazi yake, nitakuwa yule mwanamke aliyeivunja. Nikiiokoa mimi, itakuwa mbaya zaidi. Mwambie wewe."

Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa nywele, kwa masomo, kwa kidole kinachobonyeza, na sasa alikuwa amenizidi hata adabu. Alikuwa ananikabidhi mume wangu kama mtu anayerudisha mwavuli uliosahauliwa dukani. Na alikuwa anakanusha kitu pekee katika kazi ile ambacho kilikuwa changu.

"Nitaangalia," nilimwambia. Nikalipa chai zote mbili ili asinizidi na hapo.

Nilitoa manila nyuma ya kabati nikiwa peke yangu, mchana, mume wangu yuko shuleni. Nakumbuka vizuri nilichokuwa natafuta: nilitaka yule binti awe amekosea. Nilichukua yale maduara yangu mawili yanayoelekezana, nikajiambia, haya, toa kengele. Mahasimu wote wamezimika. Kanuni inasema kila mmoja yuko huru kuwaka. Nani anawaka kwanza?

Nikakumbuka mfereji wa nyumbani kwetu. Nilizaliwa juu kidogo ya mlimani, kwa Wameru, na shamba la mama linakaa mahali mfereji unapogawanyika, ukitazamana na la jirani yake. Ukifungua upande wako, upande wa pili hukauka. Wawili hao walikuwa na zamu, lakini zamu haikuzuia watu kuamka mapema. Katika utoto wangu wote sikuwahi kuona wamefungua kwa dakika moja, wakakosa wote, wakaziba wote kwa matope na magome ya migomba, wakafungua tena wote, hivyo hivyo hadi jioni. Mmoja alitangulia. Aliyetangulia alimwagilia, na mwingine alisimama kwenye tuta akitoa maneno. Ili wafungue na kuziba pamoja namna ile, ingebidi mtu asimame mlimani na kipande cha reli, awagongee.

Nikachukua kalamu ya kijani. Kutoka duara la wote kuzimika sikuchora mshale mmoja, nilichora miwili: huyu akitangulia, yule akitangulia. Wa kwanza ulielekea kwenye kulala, wa pili kwenye kupasua. Kutoka duara la wote kuwaka nikachora miwili pia. Nayo ikaenda kulekule. Nikafuata kwa kidole. Hakuna njia iliyorudi. Kilichokuwa nyumba isiyo na mlango kimekuwa njia panda.

Nilikaa sakafuni nikiwa na uchungu, kwa sababu sasa habari ilikuwa na vyanzo viwili, na kimojawapo kilikuwa mimi.

Nilimwambia Jumapili, baada ya kanisa na chakula. Nilikuwa nimesogeza meza na kuitandaza manila pale ilipokuwa zamani. Alipoiona alitabasamu, akavua viatu.

"Umeitoa ya nini, profesa?"

"Kaa. Nataka unisomee kanuni tena. Lakini zibadilike moja moja."

"Moja moja kwa nini?"

"Nisomee tu."

Akasoma. Nikawa namwonyesha mishale ya kijani. Alinisahihisha mshale mmoja, kwa haki kabisa, na nikaurekebisha. Tulipofika kwenye yale maduara mawili sauti yake ilipungua. Akaanza upya. Akachukua kidole changu, akakitumia kama chake, akakipitisha njia zote. Halafu akakiachia.

"Sura ya tatu," alisema.

"Ndiyo."

"Sura ya tatu yote, mama."

"Viwili vimebaki," nilimwambia. "Vilivyo vya kweli vimebaki palepale."

Hakunisikia. Nje mtoto wa jirani alikuwa anaendesha ringi ya baiskeli kwa fimbo, tukaisikia ikipita na kurudi. Mume wangu aliinua kichwa.

"Wazo hili umelitoa wapi?"

Nilikuwa nimelingojea swali hilo tangu Jumanne, na nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa mfereji wa mama. Lingetosha, ni kweli nilikuwa nimeufikiria. Lakini nimekaa na wanasiasa miaka mingi, najua ukweli unaotolewa ili ukweli mwingine usitoke una sura gani. Isitoshe, nilitaka kuuona uso wake jina lile likitajwa. Kwa hilo nilikuwa tayari kulipa.

"Kwa mwenye kompyuta. Aliitoa kengele kwenye programu. Mimi nimehakikisha tu."

"Alikwambia lini?"

"Jumanne. Alikuja ofisini."

"Alikuja kwako. Ofisini. Mkakaa?"

"Tukanywa chai."

"Mkanywa chai mkazungumza mtandao wangu." Alisimama, akakaa tena. "Mimi nipo Sakina kila Jumamosi, nakaa naye bega kwa bega, haniambii. Anapanda gari anakuja kukwambia wewe. Mnajuana tangu lini nyinyi?"

"Anasema mimi ni wifi yake."

"Walisema nini juu yangu?"

"Nani walisema? Tulikuwa wawili."

"Nyinyi! Mlisema nini?"

Nilimtazama usoni kama nilivyokusudia. Nilikuwa nimejiandaa kuona mapenzi, au hatia, au mwanamume anayelilia kazi yake. Niliona kitu ninachokijua. Ile midomo iliyobanwa, yale maswali madogo madogo ya saa na mahali, ule uso wa mtu anayesikia watu wakicheka chumba cha pili: nilikuwa nimeuvaa mimi mwenyewe tangu mvua za vuli. Sasa ulikuwa umevaliwa upande wa pili wa manila. Sikuweza kujizuia, nikacheka.

"Unacheka?"

"Nacheka. Jumamosi twende wote, ukamwulize mwenyewe tulisema nini."

Tulikwenda. Yule binti alituona tukiingia wawili, akaangalia mkono wangu uliobeba manila, akaelewa. Alivuta kiti cha tatu bila kuulizwa. Mume wangu alimsalimu kwa ubaridi wa mwalimu aliyekosewa adabu, akamaliza chai nzima kabla hajasema neno. Kisha akasema, "Toa hiyo kengele nione." Yeye akatoa. Tukatazama. Safari hii programu haikufuata mshale mmoja kwa kila hali. Ilitafuta kundi la hali ambalo ukiingia hutoki, hata ukipewa njia zote. Ilipata makundi mawili tu. Mume wangu akaomba irudiwe. Ilirudiwa hadi wateja wa fotokopi wakaanza kulalamika.

Tasnifu haikwenda Dar es Salaam kabla ya masika. Ilichelewa, na sura ya tatu ikaandikwa upya: badala ya kusitasita kwa kirusi, ikaeleza jinsi duara la namna ile linavyozaliwa na kengele, na jinsi ya kutambua vituo vya kweli na vya kuundwa. Mume wangu mwenyewe alisema imekuwa sura ndogo. Msimamizi wake aliandika pembeni kwamba ndiyo sura ya kuisoma kwanza.

Ukurasa wa shukrani ulichapwa mwisho, siku tuliyokwenda kuufunga mzigo wa kupeleka Dar es Salaam. Tulikuwa Sakina, watatu kwenye viti vitatu. Uliandikwa kwa Kiingereza kama tasnifu nzima, nami niliusoma kutoka kwenye skrini juu ya bega la yule binti. Yeye alishukuriwa kwa programu na kwa kugundua kosa kubwa. Mimi, mstari wa chini yake, nilishukuriwa kwa uvumilivu.

"Uvumilivu upi?" niliuliza.

Mume wangu alishtuka. "Ndivyo watu wanavyoandika, mama. Kila mtu anamshukuru mkewe kwa uvumilivu."

"Mimi sikuvumilia. Muulize jirani yangu kama nilivumilia. Andika mishale."

"Mishale gani?"

"Nilichora mishale. Kwa manila nne. Toa uvumilivu, weka mishale."

Yule binti alikuwa ameinamia kibodi, mabega yanatikisika. Alipojiweza aligeuka, macho yamejaa machozi ya kicheko.

"Wifi, niandike 'kwa kuchora', au 'kwa kuchora na kuhakiki'?"

Kwa kweli hata hapo moyo ulinichoma, kwa kuwa neno zuri kuliko yote katika ukurasa ule lilikuwa limetoka kwake.

"Na kuhakiki," nilisema.

Mume wangu akafungua kinywa. "Ngojeni kwanza, nadhani ingekuwa bora zaidi kama..."

Yule binti alikuwa ameshabonyeza.